Siku Nilipowataka Wajomba Wapigane kwa Wimbo

Upumbavu wangu ulikuwa wa neno moja. Nilisema, "Turudie."

Nililisema mbele ya wajomba wangu wawili, ambao ndiyo kwanza walikuwa wamemaliza kupigana vizuri, kwa adabu, kama mila inavyotaka, na wakakumbatiana. Lau ningefunga mdomo, mjomba mkubwa angekuwa na mkono ulionyooka, mjomba mdogo angekuwa na meno yake yote ya mbele, rafiki yangu angekuwa na simu, na mimi ningekuwa na pua iliyokaa katikati ya uso kama pua za watu wengine. Lakini nilikuwa nnatengeneza filamu. Mtu anayetengeneza filamu ni hatari kuliko mlevi, maana mlevi asubuhi hupata akili.

Wa kulaumiwa mwanzo ni Bibi, mama yake baba. Tunakaa naye Mji Mkongwe, nyumba yenye ngazi za mwinuko ambazo zimeshavunja wageni wengi kuliko mpira wa miguu. Baba yuko safarini kikazi kama kawaida yake, kwa hiyo nyumbani tuko Bibi, Mama na mimi, na mimi ndiye ninayetumwa maji, mkate, vocha na lawama. Siku moja Bibi alinikuta ukumbini nimejiinamia na simu, nnatazama filamu ya watu wa magari wanaopigana risasi. Akasimama nyuma yangu muda mrefu.

"Hawa wamegombana nini?" akauliza.

"Sijui, Bibi. Ndiyo nnatazama."

"Na wataimba saa ngapi?"

"Hawaimbi."

"Basi huu ni ugomvi mtupu. Ukitaka ugomvi mtupu si ukashuke chini bombani, ukatazame bure?"

Hapo ndipo alipokaa kitako akaanza kunisomesha, na mwalimu wangu wa historia anisamehe, lakini hajawahi kunishika masikio kama Bibi alivyonishika siku ile.

Wakati wa usichana wake mji huu ulikuwa na majumba ya sinema. Leo moja ni duka la vinyago na jengine limebaki kuta, popo na harufu ya mkojo, lakini zamani zile watu walikuwa tayari kuuana kwa ajili ya kuingia. Simaanishi utani. Kulikuwa na onyesho la wanawake peke yao, mchana, wanaume hawakanyagi. Dirisha la tiketi lilikuwa tundu, linapitisha mkono mmoja, na nje mabuibui yamejazana kama kunguru kwenye jaa. Wakivutana nywele, wakikanyagana vidole, wakipigana viwiko vya mbavu. Bibi yangu, ambaye leo akiona mende humwita mtu aje amtoe taratibu asiumie, alimng'ata bega bibi harusi mmoja, hina haijafifia mikononi, kwa sababu ya filamu ya Kihindi.

"Nlimng'ata mpaka akaachia dirisha," anasema, bila ya haya hata kidogo. "Na ndani tukakaa kiti na kiti. Ikifika nyimbo ya kulia, tukalia sote. Akanipa ubuyu."

Kihindi hawakijui, hakuna hata mmoja. Palikuwa na msichana aliyelelewa jirani na Wahindi, huyo akikaa katikati akifasiri kwa sauti, na Bibi anasema alikuja kugundua baada ya miaka kwamba nusu alikuwa akitunga. Haikudhuru. Kinachofahamika ni wimbo.

Historia yenyewe kwa mujibu wa Bibi, aliyeisikia kwa mama yake, ni hii. Zamani kabisa filamu zilikuwa bubu, watu wanafungua midomo kama changu aliyetolewa majini. Siku zilipopata sauti, wenyewe wakaona sauti ni kitu cha thamani, haifai kuichezea kwa kuulizana habari za asubuhi, wakaimba. Wamarekani wakaimba huku wakigonga sakafu kwa viatu, na nyuma yao safu ya wasichana warefu wanarusha miguu pamoja kama mashine. Wamisri wakaimba wamesimama pale pale, leso mkononi, wimbo mmoja muda wa kuchemsha maharage. Wahindi wakaona wote hao wanachelewesha mambo. Wakatia nyimbo sita au saba, mvua, mlima wenye theluji, mama kipofu, na ngumi nyingi. Huku kwetu wapigaji wa taarabu wakikaa viti vya nyuma masikio wazi, na filamu ikishaonyeshwa, harusi ya wiki inayofuata tuni ile ile inapigwa kwa maneno ya Kiswahili ya kumsuta jirani. Jirani akiijua tuni na akijijua mwenyewe, basi hapo tena viti vinaruka.

Nilimuuliza Bibi kama na mimi naweza kutengeneza filamu ya namna hiyo kwa simu. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Nyie hamwezi. Nyie mnajua kununa tu."

Hilo ndilo lililonichoma. Usiku huo huo nikamwendea rafiki yangu wa darasani mwenye simu yenye kamera ya maana, aliyotumiwa na dada yake kutoka Dubai, nikamwambia tunatengeneza filamu ya kuimba. Yeye ni mtu wa kukubali mambo kwanza, kuuliza baadaye. Ndiyo sababu anachapwa shuleni sambamba na mimi ingawa mwenye makosa ni mimi peke yangu.

Bibi akanipa sheria, akizitoa moja moja kila nikimpelekea chai. Mtu haimbi kwa kuomba chumvi, anaimba pale maneno ya kawaida yamemkwama kooni. Anayeonekana kuimba si anayeimba, sauti ni ya mwengine aliyejificha na maikrofoni, na mchezaji anatingisha midomo tu, kwa hiyo usihangaike kutafuta mtu mzuri mwenye sauti, tafuta mzuri mmoja na mwenye sauti mmoja. Mtaa mzima lazima wajue kucheza bila ya kufundishwa na mtu. Adui haimbi, au akiimba aimbe mahali pa moshi. Stelingi akipigwa, apigwe mpaka watazamaji waseme sasa amekufa, kisha ainuke. Na ile sheria aliyoisema akiwa ameinua kidole:

"Ngumi iende na ngoma. Kofi lisiloshuka na ngoma ni kofi la jikoni. Lililoshuka na ngoma, hilo sinema."

Nikafanya majaribio. Nilimpiga rafiki yangu makofi kwenye uwanja wa shule wakati wa mapumziko huku mwengine akigonga dawati bovu lililotupwa nje. Yeye akanirudishia. Yalikuwa yanakwenda na ngoma vizuri sana mpaka mwalimu wa zamu alipotokea, na fimbo zake hazikwenda na ngoma yoyote. Tulichapwa kila mmoja miguuni mpaka tukawa tunakwenda kama kaa. Lakini nilishajua ninachokitaka. Nilitaka vita vikubwa, watu wengi, na wanawake wanaoimba pembeni. Ningevipata wapi mimi, mtoto wa shule nisiye na hata nauli?

Jibu lilikuwa kwa mama yangu. Mama ni mtu wa Makunduchi, na Makunduchi kila mwaka, mwezi wa saba, wanaume wanapigana uwanjani mchana kweupe wakati wanawake wanazunguka wakiimba. Ndiyo Mwaka Kogwa. Bibi alipigana kwa ajili ya kuingia ndani ya ukumbi kutazama kitu ambacho watu wa upande wa mama yangu wanakifanya wenyewe, bure, tena bila ya skrini.

Asiyejua nimweleze. Siku ya Mwaka, mwenye kinyongo na mwenziwe anakwenda naye uwanjani. Kila mtu anashika kikonyo cha mgomba, ule mti laini wa katikati ya jani. Wanachapana. Wanachapana kweli, si mchezo, maana kikonyo kibichi kikikupata sikioni unasikia adhana ya misikiti mitatu. Wengine huvaa makoti matatu na kofia za pikipiki, nimemwona mmoja amejifunga mto wa kulalia tumboni. Wanawake wanapita na majani mikononi wakiimba nyimbo ambazo nikizikariri hapa nitafukuzwa shule. Halafu mkishachapana mkachoka, yamekwisha. Ni marufuku kurudi na hasira nyumbani. Kinyongo kinabaki pale chini pamoja na vipande vya vikonyo, na jioni mnakula pamoja.

Mama ana kaka wawili tu duniani, na walikuwa hawasemezani. Sababu yake ni pilau. Mjomba mdogo ni fundi wa vyombo vya baharini, muda mwingi yuko Nungwi. Mjomba mkubwa alimwoza binti yake wakati mdogo yuko huko, na hakumpa habari. Mwenyewe anasema alituma salamu. Salamu hazikufika. Mjomba mdogo siku hiyo alikuwa anarudi kijijini na begi lake la misumeno, akasikia harufu ya pilau toka barabarani, akamuuliza mtoto mmoja, "Hapa pana nini?" Mtoto akamwambia harusi. "Ya nani?" Mtoto akamtazama kama mwendawazimu, akamwambia, "Kwani si ya mwanao, wa kakako?"

Aligeuka pale pale akarudi Nungwi na begi lake. Tangu siku hiyo wakikutana msikitini mmoja anasimama mwanzo wa safu na mwengine mwisho. Anayeumia ni Mama. Kila Sikukuu anapika mara mbili, anabeba bakuli kwa huyu na bakuli kwa huyu, na kila mmoja anamuuliza, "Umeanzia wapi?" Anasema uongo kwa wote wawili. Mama yangu, ambaye mimi nikidanganya nimefika mapema shule ananipiga kwa mwiko, anawadanganya kaka zake kila Sikukuu akiwa na kanga mpya.

Mwaka huu, tangu Ramadhani, alikuwa akienda Makunduchi kuwabembeleza. Alikwenda kwa mkubwa, akaenda kwa mdogo, akalia huku, akalia kule. Mwisho wakakubali. Watakutana uwanjani siku ya Mwaka, wapigane, yaishe. Mkubwa ameoa upande wa pili wa Makunduchi na amehamia huko, kwa hiyo hata mila iliwapanga vizuri, maana wanaopigana ni watu wa upande huu na watu wa upande ule.

Mama alifurahi mpaka akanunua mchele wa bei. Mimi nilifurahi kwa sababu nyengine.

Tulifika siku moja kabla, Mama, mimi na rafiki yangu, tukafikia nyumba ya kwao Mama. Mama alilala jikoni, nikisema hivyo sikosei sana. Asubuhi ya Mwaka alikuwa na sufuria moja kubwa, moja tu, na sinia moja pana aliloazima, ambalo yeye na kaka zake wawili watakula pamoja. Alilisugua sinia hilo kwa majivu mpaka unajiona uso. Nilipoaga kwenda uwanjani hakuinua kichwa.

"Katazame," akaniambia. "Kisha uje unambie. Mie siwezi kutazama ndugu zangu wakipigana."

"Haya, Mama."

"Na usifanye upuuzi."

"Haya, Mama."

Uwanjani rafiki yangu alikuwa na simu, mimi nilikuwa na spika ndogo ya kubeba. Ndani yake nilikuwa nimerikodi wimbo. Nilitunga mwenyewe, unahusu ndugu wawili, tuni ya Kihindi bila ya Kihindi, sauti ya binti wa jirani yetu, na kugonga ndoo mimi. Mpango ulikuwa wajomba wakianza tu kupigana, nabonyeza, wimbo unatoka, vikonyo vinashuka na ngoma.

Wajomba hawakungoja wimbo. Mkubwa alitokea upande wake na koti la mvua na kofia ya pikipiki isiyo na kioo. Mdogo alivaa shati tu. Hawakusalimiana. Mdogo alipiga wa kwanza, shingoni, na mlio wake niliusikia mbali nilipokuwa. Mkubwa akajibu mbavuni, mara mbili, utomvu ukaruka. Mdogo akampiga kofia ikazunguka, uso ukawa nyuma. Mkubwa akaivua akaitupa, akaja na kichwa kitupu, akampiga mwenziwe mapaja, mgongo, mapaja tena, kama mtu anayepiga mkeka vumbi. Mdogo aliyumba, akapiga goti, akainuka. Alimpiga kakake mdomoni mpaka mate yakatoka mekundu. Watu wakafanya duara. Mtu mmoja alisema, "Hawa wana lao la zamani," na mwengine akamjibu, "Waache walitoe."

Na spika ilikuwa inatangaza bei za sabuni. Nilikuwa nimebonyeza vibaya, imeshika redio. Nikainama nikabonyeza, ikatoa kaswida. Nikabonyeza tena, ikatoa sauti ya rafiki yangu akijaribu maikrofoni, moja mbili tatu. Nikaanza kuipiga makofi. Nilisikia vigelegele na nikadhani ni vya duara la jirani.

Nilipoinua kichwa, walikuwa wameshakumbatiana. Mjomba mdogo analia, si kwa kujificha, analia kama mtoto aliyeanguka mti. Mjomba mkubwa anampangusa utomvu usoni kwa mkono wa koti, anasema kitu, sikukisikia. Wanawake wamewazunguka na majani yao. Vikonyo vimevunjika chini vipande vipande.

Mimi niliangalia hayo yote na nilichowaza ni kwamba imeharibika. Hakuna wimbo. Hakuna pigo hata moja lililoshuka na ngoma. Makofi ya jikoni matupu.

Nikapita katikati ya wanawake nikawashika mikono wote wawili.

"Wajomba, turudie."

Walicheka. Watu waliotoka kupatana wanacheka kwa chochote. Mzee mmoja aliyesimama karibu, anayesimamia uwanja, alisema, "Yamekwisha hayo, nendeni mkale." Mjomba mkubwa akamwambia, "Mtoto wa dada anataka picha, mzee. Dakika mbili." Mdomo ulikuwa umemvimba na anatabasamu nao hivyo hivyo.

Tukasogea pembeni, karibu na uzio wa miti wa shamba la mtu, kwa sababu uwanja ulikuwa na wengine wanaoendelea. Nilitafuta vikonyo vipya. Vilivyobaki vilikuwa vinene, vya chini karibu na shina, vizito kama mchi. Nikawapa. Nikawapanga. Nikawaambia wapige kila ndoo ikilia, moja mbili tatu piga, moja mbili tatu piga. Walijaribu. Walikuwa hovyo kabisa, wanagusana kama wanawake wanaopakana poda, wanacheka.

"Hapana," nikasema. "Hasira iko wapi? Mjomba mdogo, ukipiga, fikiria ile siku. Fikiria unasikia ile harufu ya pilau."

Rafiki yangu akashusha simu. "We," akanambia taratibu, "hilo usingelisema."

Mjomba mdogo aliacha kucheka. Si mara moja, kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. Nikabonyeza spika, na safari hii, kwa laana, ikatoa wimbo wenyewe, mzuri, safi.

Moja mbili tatu, mdogo akapiga bega. Moja mbili tatu, mkubwa akapiga mkono. Moja mbili tatu, mdogo akapiga, na hili lilikuwa zito, mkubwa alirudi nyuma hatua, na mkubwa hakungoja ndoo, alimrudishia pale pale usoni.

Mdogo akashika mdomo. Akatema jino kwenye kiganja, akalitazama.

"Hapo hapakuwa na ngoma, kaka," akasema.

"Na wewe ulinizidishia."

"Nlikuzidishia. Na wewe ulinipunguzia. Binti yangu yule, nlimbeba mgongoni."

"Nlituma salamu."

"Kwa nani? Mtaje aloleta."

Mkubwa hakumtaja. Alipiga. Alipiga kwa kile kikonyo kizito, sikioni, na kilipovunjika alimalizia kwa ngumi. Mdogo aliinama, mimi nikadhani ameanguka, kumbe anang'oa mti wa uzio. Ulitoka na udongo. Wakaja pamoja, na wallahi nasema kweli, hapo ndipo walipoanza kwenda na ngoma. Kila ndoo niliyoigonga chumbani kwangu ilikuwa inapata pigo lake. Mti begani. Ngumi tumboni. Mti, mti, kichwa puani. Binti wa jirani anaimba habari za ndugu waliolala kitanda kimoja, na mkubwa amemshika mdogo koo amemlaza kwenye uzio, miti inakatika nyuma yake. Rafiki yangu alikimbilia kuwatenganisha, simu ikamtoka, ikaingia chini ya mguu wa mtu. Nilisikia ikivunjika. Nami nikaingia. Sijui kiwiko kilikuwa cha nani. Kulikuwa na mwanga mweupe halafu nikawa nimekaa chini nnakunywa damu yangu mwenyewe.

Kutoka pale chini niliona mkono. Mjomba mkubwa aliuinua kujikinga, mti ukashuka, na mkono ukapinda mahali ambapo hapana kiungo. Hakupiga ukelele. Alisema tu, "Aa, basi," kama mtu aliyemiminiwa chai nyingi kikombeni. Mjomba mdogo aliutazama mkono ule, akautupa mti, na alipokuwa anarudi nyuma akaikanyaga spika, wimbo ukakatika.

Watu walikuja kutoka uwanjani. Wenzake wa upande wa mkubwa walimkusanya, wakamfunga mkono kwa kanga ya mtu na kipande cha ule ule uzio, wakampakia kwenye gari kupelekwa hospitali. Mjomba mdogo alisimama peke yake na damu inamshuka kidevuni. Mzee wa uwanja akamwendea, akatazama vikonyo, akatazama mti, akanitazama mimi.

"Hii ilikuwa baada ya kupeana mikono?" akauliza.

Nilijibu mimi. "Naam."

"Basi hii si ya Mwaka," akasema. "Hii ni yenu wenyewe. Uwanja hauichukui."

Mjomba mdogo alifahamu kabla yangu. Mimi nilichukua muda. Kilichopigwa mwanzo kilibaki uwanjani na kusahauliwa, na hiki cha pili hakina pa kubaki, kila mmoja atakwenda nacho nyumbani kwake, na siku ya kukitoa imeshapita, haipo nyengine mpaka mwakani, kama wote wawili watakubali kuja tena, na nani atawaendea kuwalilia. Alipanda baiskeli yake. Nilimwita, "Mjomba, Mama amepika." Alisimamisha mguu chini kidogo, hakugeuka, kisha akaondoka, si kwa njia ya kwetu.

Nilirudi na rafiki yangu. Yeye alikuwa ameshika vipande vya simu kwenye kofia yake kama mtu aliyeokota vifaranga, na hakunitukana hata tusi moja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Njia nzima nilikuwa nnapanga uongo. Ningesema walianza wenyewe. Ningesema mjomba mkubwa ameteleza. Pua ilikuwa imefura mpaka uongo wenyewe ulikuwa unatoka kwa sauti ya bata.

Mama alikuwa ameshaambiwa. Habari mbaya huko zinakwenda mbio kuliko gari ya hospitali. Tulimkuta amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi mbele ya sufuria, na sinia limewekwa tayari juu ya mkeka, tupu, linang'aa. Nilisimama mbali na mkono wake kwa uzoefu. Mwiko ulikuwa karibu naye. Nilisubiri. Ningependa aniite mshenzi, anirushie mwiko, kibao, chochote. Nilikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa vitu hivyo.

Aliinuka akalichukua sinia akalirudisha kwenye rafu, kifudifudi. Akatoa bakuli mbili zenye vifuniko, akazijaza pilau, nyama nzuri zote akazigawa sawasawa, akiziangalia moja moja. Hizo zilikuwa za kupeleka, moja nyumbani kwa mkubwa ambako mke wake alikuwa peke yake, na moja kwa mdogo. Akamkaribisha rafiki yangu, akampakulia. Siku ya Mwaka mgeni lazima ale, hata kama mgeni mwenyewe amekuja kukuvunjia ukoo. Akanipakulia na mimi. Akachovya kona ya kanga yake kwenye maji, akanishika kidevu akanipangusa damu, kwa nguvu, mpaka machozi yakanitoka.

Nikaona bora niseme mwenyewe. Nikamwambia yote. Nikamwambia neno nililolisema, na habari ya pilau, na vikonyo vinene nilivyovichagua mimi. Nilijitahidi kuchekesha mahali fulani, pale pa kofia iliyogeuka nyuma, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayoiweza. Hakucheka. Alikuwa anafunga zile bakuli kwa kitambaa, fundo kwa fundo.

Alipomaliza alikaa tena kwenye kibao, karibu yangu, akanitazama usoni. Rafiki yangu aliacha kutafuna.

"Mie nlikuwa jikoni, sikuona," akasema Mama. "Hebu nambie. Ile mara ya kwanza, walipokumbatiana, nani alomnyooshea mwenziwe mkono mwanzo?"

Na mimi wakati huo nilikuwa nimeinamia spika.